Kanda Tisa za Mama Mkubwa Sijaona

Newala, 3 Oktoba 1994

Daftari hili amenipa Bwana Reginald niandike tarehe, namba ya kanda, na saa tuliyoanza na kumaliza. Kurasa za mbele nimemwachia yeye. Nimeligeuza, na huku nyuma nitaandika ya kwangu.

Miaka kumi na moja nilikuwa mchapaji wa ushirika hapa Newala. Korosho zilipofunguliwa kwa makampuni ya watu binafsi, ofisi yetu ikapunguza watu, na mimi nikawa wa kwanza kuitwa. Tangu Machi nakaanga maandazi. Leo nimekaa tena mbele ya mashine ya taipu, na vidole vilikuwa havijasahau kitu.

Bwana Reginald ni kijana wa Bukoba anayesoma Ulaya. Anasomea namna ya kuifanya kompyuta ishike lugha. Mwalimu wake anakusanya lugha za Bara Hindi zisizo na vitabu vingi, na yeye amepewa Kikachi, hiki ambacho sisi hukiita Kihindi tu na kupita. Mama Shakila, mjane wa dukani, ndiye Mhindi pekee aliyebaki hapa mjini. Yeye atazungumza na kunifasiria, mimi nitarekodi na kuchapa. Kila Ijumaa nitatuma kanda na karatasi kwa lori hadi Masasi, ambako Bwana Reginald amepanga chumba karibu na umeme.

"Nitachapaje maneno nisiyoyajua?" nilimwuliza.

"Ndiyo uzuri wake, Mama Wema. Utachapa unachosikia, hutachapa unachodhani."

6 Oktoba, Alhamisi

Kanda ya kwanza. Mama Shakila alivaa gauni jipya na kuchana nywele kana kwamba anapigwa picha. Tulianza na maneno madogo. "Nini" ni *kuro*. "Nyumba" ni *ghar*. Akinyoosha kidole, anataja, anangoja niandike, kisha anataja tena polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Katikati akaingia mama mkubwa Sijaona na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini. Ni dada wa marehemu mama yangu. Aliingia nyumba hii kufanya kazi akiwa na miaka kumi na minne, akatoka miguu ilipoanza kuuma. Siku hizi anakaa Mkunya, lakini kila Alhamisi akipata gari hupanda kuja kumtazama bibi yake wa zamani. Wakaanza kusema Kikachi, wote kwa pamoja, wakicheka. Ikabidi nizime. Bwana Reginald anataka sauti ya Mama Shakila peke yake.

"Mama mkubwa, naomba ukae nje kidogo," nilisema.

Akatoka. Alikaa kwenye ngazi saa nzima na kikapu chake.

11 Oktoba

Maji hayajatoka siku ya nne. Nimechapa kurasa tisa.

24 Oktoba

Korosho zimeanza kushuka mjini. Wanunuzi wamekodi sehemu ya mbele ya duka la Mama Shakila. Mizani imetundikwa barazani, na harufu ya mabibo inaingia mpaka chumbani tunakorekodia. Karani wao, Majaliwa, amenikumbuka tangu ushirika. "Siku hizi umekuwa Mhindi?" ananitania kila nikipita na redio ya kurekodia. Nacheka. Sipendi kusema, lakini nilikuwa nimeikosa hali ya kuulizwa habari za kazi yangu.

3 Novemba, Alhamisi

Kanda ya sita. Bwana Reginald aliomba nyimbo. Mama Shakila aliniambia hana. Kisha akainuka, akafunga dirisha la upande wa barazani, akarudi kuketi, akaimba wimbo wa kumbembelezea mtoto. Sikujua kwamba alizaa mtoto wa kiume kabla ya Shakila. Alifariki na miaka miwili, wamemzika hapahapa Newala. Ndiye aliyekuwa akiimbiwa.

Alipomaliza alishika mkono wangu uliokuwa kwenye kitufe, akaniita kwa jina langu. "Huu usimsikilizishe mtu, Oliva. Ni wa huyo kijana wa kompyuta tu. Yeye hanijui."

"Sitamsikilizisha mtu, mama."

5 Novemba

Nimefanya jambo baya, nami nililiona baya nikiwa nalifanya.

Nilikuwa naipeleka kanda kwenye lori, nimechelewa kwa siku moja. Barazani walikuwapo Majaliwa na makarani wenzake, na wakulima wawili kutoka Mnyambe wakingoja zamu ya kupima. Mwanangu Wema alikuwa amenifuata. Majaliwa akasema, "Hebu tusikie huo Uhindi unaolipwa." Kila mtu akaniangalia. Nikaiweka kanda. Ilikuwa imesimama palepale penye wimbo.

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka kitu wasichokielewa. Mkulima mmoja alianza kutikisa mabega. Na mimi nilicheka pamoja nao. Mama Shakila alikuwa jikoni, ninaomba awe hakusikia.

9 Novemba

Wema anaruka kamba na wenzake nyuma ya duka. Wanaruka kwa wimbo ule. Ameushika wote, ana sikio zuri. Nilimchapa viboko viwili, akaniuliza amekosa nini, nikashindwa kumwambia.

10 Novemba, Alhamisi

Nilibisha hodi mara tatu. Mama Shakila alifungua nusu ya mlango.

"Nimechoka, Oliva. Kazi imekwisha."

"Mama, zimebaki kanda tisa katika mkataba."

"Nimechoka." Hakunitukana. Alikuwa akinitazama kama anavyotazama mteja aliyekuja duka limefungwa. Nyuma ya nyumba watoto walikuwa wakiruka kamba.

14 Novemba

Nikimwambia Bwana Reginald mzee amekataa, atauliza kwa nini. Nikisema kwa nini, kazi imekwisha. Ameniambia mradi ukienda vizuri wataajiri mchapaji wa kudumu Dar es Salaam, na kwamba amenitaja kwa mwalimu wake. Nimelifikiria jambo hili siku nne. Unga wa maandazi umeota ukungu kwenye ndoo, sijaugusa.

17 Novemba, Alhamisi

Nilimsubiri mama mkubwa Sijaona anapotoka kwa Mama Shakila.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia Mama Shakila amechoka, na maneno yaliyobaki anayajua yeye, basi azungumze mahali pake. Akafikiri. Yeye hajibu upesi, hata ukimwuliza kama amekula.

"Yule bwana anajua ni mimi?"

"Anajua."

"Na amekubali? Mimi Mmakonde?"

"Amekubali, mama mkubwa. Amefurahi."

Akatengeneza kanga yake begani, akanyoosha mgongo. Tumepanga nitakuwa nakwenda Mkunya mara mbili kwa wiki. Kwenye kanda ya saba, mahali pa jina, nimeandika: *Mama Shakila*.

21 Novemba

Mkunya. Kanda ya saba na ya nane. Sikuwa namjua mama mkubwa wangu. Nilimjua mwanamke anayepika na kufua, anayepitishwa mlango wa nyuma. Leo amenieleza maneno matano ya "kuchemsha," kila moja na chungu chake. Ameniambia Kikachi anachomsemesha mtu mzima sicho anachomsemesha mtoto. Alipokosea alinisimamisha: "Futa hapo. Mume wake Mama Shakila ndiye alisema hivyo, wa kwao walimcheka." Miaka arobaini alikuwa anasikiliza, na hakuna aliyemwuliza.

Aliniuliza jina lake linaandikwaje kwa taipu. Nililichapa kwenye karatasi pembeni, akaikunja na kuiweka kwenye pindo la kanga.

25 Novemba

Nimetuma. Mvua ya kwanza, fupi.

2 Desemba

Barua kutoka Masasi. "Mama Wema, katika karatasi zako kuanzia kanda ya saba herufi *r* imepotea. *Kuro* imekuwa *kulo*, *ghar* imekuwa *ghal*. Kompyuta imehesabu: kanda sita za kwanza *r* ziko mamia, kanda tatu zilizofuata haipo hata moja. Usikasirike, lakini wewe ni Mmakonde. Je, ni vidole vyako?"

Nilikasirika. Nimechapa barua za mameneja wanne, sijawahi kuchapa *l* mahali pa *r*. Nilichapa alivyosema mama mkubwa. Na mama mkubwa ana ulimi wa kwetu, hata akisema lugha ya watu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilimjibu kwa mstari mmoja: "Sikiliza kanda zenyewe."

8 Desemba

Masasi. Aliniita. Nilishuka na lori la korosho, juu ya magunia, mvua ikitupiga kutoka Nanganga — hapana, nakosea, Nanganga iko mbele zaidi. Sijui mvua ilianzia wapi. Sikuwa naangalia njia.

Kompyuta yake inafunguka kama kitabu. Alinionyesha mistari miwili, mmoja umepanda kama mlima, mwingine umelala.

"Nisamehe kwa kukushuku," alisema. "Nimesikiliza usiku na mchana. Kweli anasema *l*. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani nimegundua lugha inayobadilika. Nilimwandikia hata mwalimu wangu. Lakini lugha haibadiliki kwa wiki mbili ndani ya kinywa cha mtu mmoja. Kisha nikasikia na sauti yenyewe. Imekuwa nzito. Inasimamasimama."

"Amechoka," nilisema.

"Si kuchoka. Bibi yangu Bukoba alianza hivihivi. Alikuwa anapoteza herufi, na sisi wajukuu tukawa tunamwiga na kucheka. Mwezi mmoja baadaye kiharusi kikamlaza upande mzima." Akatoa bahasha. "Nimemwandikia binti yake, Shakila. Aje amchukue, aonwe na daktari. Nitaiposti kesho asubuhi."

Bahasha ilikuwa mezani, kati ya kikombe changu na chake. Nilifungua mdomo. Nikaomba maji ya kunywa.

Alinimiminia. Akasema, "Wewe unampenda yule mama, naona." Nikanywa maji yote.

9 Desemba

Nimerudi. Njiani nilijiambia: mzee ni mzee, daktari hajamdhuru mtu. Nililirudia mpaka Newala. Halikuwa kweli hata mara moja.

12 Desemba

Kanda ya kumi na tatu. Mama mkubwa ameuliza kama bwana anaelewa anavyosema. Nilisema anaelewa sana.

15 Desemba, Alhamisi

Nikiwa barazani kwa Majaliwa niliwasikia wote wawili ndani, Mama Shakila na mama mkubwa, wakisema na kucheka. *Kuro* na *kulo* katika sentensi moja, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

19 Desemba

Kanda ya kumi na tano. Ya mwisho.

25 Desemba

Krismasi. Mvua tangu alfajiri. Wema amevaa gauni la mitumba, amependeza. Kanisani sikwenda mezani kushiriki. Nilisema tumbo linauma.

30 Desemba

Nitaandika yote kwa mfuatano, hata nisiyoyataka.

Saa tano asubuhi gari dogo la kukodi lilisimama mbele ya duka. Akashuka Shakila, mwanamke wa umri wangu, macho mekundu. Alipata barua Jumanne huko Dar es Salaam, akapanda ndege hadi Mtwara, akalala Masasi, na Bwana Reginald akamsindikiza. Nikaitwa. Nilipoingia Mama Shakila alikuwa amekaa kwenye kiti, binti yake amepiga magoti mbele yake, anamshika uso.

"Mama, inua mkono huu. Na huu. Tabasamu."

"Una nini wewe? Umekuja njia yote hii nitabasamu?"

"Sema *ghar*, mama."

Akasema. *R* ilisikika mpaka barazani. Akasema *kuro*. Akasema na mengine kwa hasira, moja baada ya jingine. Bwana Reginald alisimama katikati ya chumba na begi lake bado begani. Alinitazama, kisha akatoa redio, akaweka kanda ya tisa.

Mama Shakila alisikiliza kidogo, akatabasamu kweli. "Huyu si mimi. Huyu ni Sijaona. Kwani hukujua? Aliniambia wewe ndiye uliyemwomba."

Kanda iliendelea kuzunguka, mama mkubwa akieleza namna ya kuchagua mchele.

"Mama Wema?" alisema Bwana Reginald.

Nikasema. Kanda tisa ni za mama mkubwa wangu. Jina nililiandika mimi. Ugonjwa ulikuwa uongo wangu, ama tuseme ulianza kwa Bwana Reginald na mimi niliuacha ukue. Shakila alikaa chini sakafuni akaweka mkono kifuani. "Basi ni mzima," alisema. "Mungu wangu, ni mzima." Alikuwa anacheka na kulia. Ningeweza kuishia hapo. Wangenifukuza, na yule mama angebaki nyumbani kwake.

Lakini Bwana Reginald aliuliza, "Sasa kwa nini Mama Shakila aliacha?"

"Nilichoka," alisema Mama Shakila upesi.

Hapo nikajua kwamba alisikia. Siku ile ya barazani alisikia yote, na muda wote huo hakusema kwa Reginald, hakusema kwa mama mkubwa. Nikasema mwenyewe: niliupiga wimbo wa mtoto mbele ya watu, wakacheka, nikacheka nao, na watoto wamekuwa wakiurukia kamba chini ya dirisha lake, na wa kwanza wao ni wangu.

Shakila alimgeukia mama yake. "Wimbo wa kaka? Na hukuniandikia?"

"Ningekuandikia nini? Angekosa kazi. Ana mtoto."

Nilitamani anipige. Shakila aliinuka, akafuta uso kwa kitambaa. "Mama, tunaondoka."

"Siendi. Mwanangu yuko hapa."

"Na mimi ni nani?" alisema Shakila. "Na mimi ni mwanao. Sitalala Dar es Salaam nikijua wanakucheka huku peke yako."

Wakabishana kwa Kikachi, muda mrefu. Mwishoni Mama Shakila aliacha kubishana, akaanza kuvua bangili moja na kuivaa tena, kuivua na kuivaa.

Nje Bwana Reginald aliniambia, "Mashine haijui uongo. Ulichoipa imekihesabu. Mimi ndiye niliyepaswa kupanda mlima huu nikamsikiliza mtu kwa masikio yangu." Hakupaza sauti. Akaongeza: "Lakini kwa mwalimu wangu sitakutetea." Nikasema sawa.

3 Januari 1995

Wameondoka leo. Jana jioni nilikwenda Mkunya kumwambia mama mkubwa, nikalala huko, tukaondoka kwa miguu alfajiri kwa sababu hakuna gari. Nilimweleza yote tukiwa njiani, kwenye ukungu, kila mmoja amejifunika kanga kichwani. Nilipofika kwenye jina alisimama.

"Ulisema anajua ni mimi."

"Nilikudanganya, mama mkubwa."

"Kwa hiyo sauti yangu ilikwenda Masasi imejifunika baibui la mwenzangu."

Akaendelea kutembea. Tulitembea saa nyingi. Miguu yake ilikuwa inauma, niliona, lakini hakukubali kuushika mkono wangu.

Gari lilikuwa tayari limepakiwa. Mama Shakila alikuwa kiti cha nyuma, mlango wazi. Mama mkubwa akaenda akasimama pale, wakashikana mikono, wakasema Kikachi. Bwana Reginald alikuwa na begi lake la redio miguuni na hakuligusa. Niliyoyashika ni machache. Mama Shakila alimwambia waende wote. Mama mkubwa alitaja wajukuu, mikorosho, na miguu yake. Kisha wakabaki wameshikana tu, mpaka dereva akawasha gari.

Lilipoondoka Majaliwa alisimama barazani akavua kofia. Hakunitania.

6 Januari

Nimewasha moto wa maandazi. Wema ameniuliza kama bibi wa Kihindi ataturudia. Nimemweleza wimbo ule ulikuwa wa nani. Alilia sana kuliko nilivyotarajia, nikamwacha alie.

12 Januari, Alhamisi

Mama mkubwa amekuja mjini. Sijui kama alisahau au aliamua tu. Alikwenda mpaka mlango wa duka, akakuta kufuli, akakaa kwenye ngazi. Nilimpelekea chai. Aliipokea.

"Toka niwe na miaka kumi na minne," alisema kwa Kimakonde, "sijamaliza mwezi bila kuisema lugha ile. Sasa niiseme na nani?"

Nimechapa maelfu ya maneno yake na sijawahi kusema hata moja kwa sauti.

19 Januari

Barua ya Bwana Reginald. Mwalimu wake alikasirika, kisha akapoa. Kanda sita za Mama Shakila zimebaki, wimbo wameufuta kama Shakila alivyotaka. Zile tisa wameziweka kando, hazitaingizwa kwenye hesabu. Lakini anasema amezisikiliza tena, akijua ni nani, na kwamba hajapata mtu anayeieleza lugha kama yule mama. Angependa kuja kuanza upya, kwa jina la Sijaona, kama mwenyewe ataridhia. Ananiomba nimwulize.

Nilimsomea leo, kwenye ngazi zilezile.

"Anakuuliza wewe kuhusu mimi?"

"Hana njia nyingine, mama mkubwa. Hakuna simu Mkunya."

"Barabara ipo." Akanywa chai yake mpaka chini. "Mwandikie hivi. Aje mwenyewe Mkunya, aketi, aniulize kwa mdomo wake. Nikipenda nitamjibu. Na siku atakayokuja, wewe usiwepo."

Nimerudi nyumbani, nimeichapa barua. Nimeyaweka maneno yake kama alivyoyasema, na mahali pa jina nimeandika jina lake. Nimeipeleka posta kabla hawajafunga.